Sanrufu ya umeme ya BMW E30 hukwama ikifika theluthi ya njia: je, ni kweli mota imekufa?

MwanaNjiro (Arusha)

Wakuu, salamu nyingi kutoka Arusha. Nina BMW 325i ya mwaka 1989, umbo la E30, milango minne, niliyoachiwa na baba yangu mdogo pamoja na sanduku la spana ambazo mpaka leo sijazijua zote ni za kazi gani. Gari lina sanrufu ya umeme ambayo bamba lake ni la chuma, si la kioo. Ukibonyeza swichi ya juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, bamba huinuka upande wa nyuma. Ukiibonyeza kinyume chake, bamba hushuka na kurudi nyuma hadi likajificha ndani ya paa.

Tatizo lilianza pole pole mwishoni mwa kiangazi. Awali sanrufu ilikuwa nzito wakati wa jua kali la mchana peke yake, nikaichukulia kuwa ni uzee. Sasa nikiifungua hufika kama theluthi ya njia, husita, taa za dashibodi hufifia kidogo, kisha husikika mlio wa tra-tra-tra juu ya paji la uso wangu na bamba halisogei tena. Kuifunga kunahitaji abiria aisukume kwa viganja huku mimi nikibonyeza swichi, kazi ambayo mke wangu amekwisha kuichoka na hafichi. Nimeona pia kwamba bamba likisimama katikati huwa limekaa mshazari: pengo la mbele upande wa kushoto ni jembamba kuliko la kulia kwa kadiri ya upana wa kidole.

Fundi aliyelitazama gari alisema mota imekufa, akaniletea bei ya mota iliyotumika: shilingi laki nne na nusu, bila ufundi. Sikatai kulipa, lakini nina shaka, kwa sababu sijapata kusikia maiti anayepiga kelele. Jambo la mwisho, ambalo huenda halihusiani: wakati wa masika, matone ya maji yalidondoka kutoka kwenye taa ya ndani ya mbele. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi kabla sijatoa fedha.

Mzee wa Spana (Nairobi)

Bwana MwanaNjiro, kwanza acha kabisa kuibonyeza hiyo swichi hadi utakapojua kinachoendelea, kwa maana kila mlio wa tra-tra-tra unaousikia huenda ni meno yanayosagika, na meno hayo hayanunuliki dukani kwa mangi.

Nikueleze jinsi chombo hiki kilivyo, kwa kuwa ukikijua tatizo litajieleza lenyewe. Katika E30 mota imekaa mbele, ndani ya dari, nyuma ya kile kifuniko chenye swichi. Ncha yake ina gia ndogo. Pande mbili za gia hiyo hupita kebo mbili za chuma zilizosukwa kama springi ngumu, moja ikienda kwenye reli ya kulia na nyingine kwenye reli ya kushoto. Gia ikizunguka, kebo zote mbili husogea kwa pamoja na kulisukuma au kulivuta bamba. Hii ndiyo sababu mota moja huweza kuendesha pande mbili zikalingana kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Bamba lako likikaa mshazari, maana yake mmoja wa ng'ombe amekataa kutembea au nira imeteleza. Mota haina uwezo wa kulipindisha bamba, kwa sababu yenyewe haijui kulia wala kushoto.

Kipimo cha kuimaliza hoja hii hakigharimu chochote. Funga sanrufu kadiri inavyokubali, tenganisha betri (kwenye 325i nyingi iko ndani ya buti), kisha ondoa kifuniko cha mbele cha dari na uone mota. Kabla hujalegeza skrubu hata moja, piga picha, kisha chora alama kwa kalamu ya wino mzito mahali bamba liliposimama pande zote mbili, kwa sababu mota ikitoka, kebo zinaachana na kila upande unakuwa huru. Sasa toa mota, uiache ining'inie kwa waya zake bila kuzivuta, halafu sukuma bamba kwa mikono, ukishika karibu na kona zake. Katika gari lenye reli safi bamba hutembea kwa uzito ule ule kulia na kushoto, likiwa na ukinzani kidogo wa mpira wa pembeni. Ikiwa upande wako wa kushoto unagoma hata mota ikiwa nje, utakuwa umeokoa laki nne na nusu, kwani hata mota mpya ingeletwa leo kutoka Ujerumani ingekwama pale pale.

Umeme wa Magari (Dar es Salaam)

Naafikiana na Mzee hapo juu kuhusu mshazari, ila nisingependa upande wa umeme upitwe haraka, maana gari la mwaka 1989 mara nyingi huwa na magonjwa mawili yanayosaidiana. Sanrufu nzito huilazimisha mota kuvuta umeme mwingi. Umeme mwingi ukipita kwenye kiungio chenye kutu huzaa joto. Joto huzidisha kutu. Baada ya miaka mitatu fundi anakuta mota haina nguvu, anaihukumu.

Sikiliza kwanza mota inasema nini. Ikiwa ukibonyeza hakuna sauti yoyote, tafuta fyuzi, swichi na waya. Ikiwa mota inalia kwa sauti nzito, taa zinafifia na hakuna kinachozunguka, basi umeme unafika na kuna kitu kimeishika. Ikiwa mota inazunguka kwa wepesi lakini bamba limesimama, basi ama klachi yake (kiungo cha ndani ya mota kinachoteleza mzigo ukizidi) inateleza ama gia inaruka meno ya kebo. Maelezo yako yana dalili ya pili ikifuatiwa na ya tatu: mota ilihangaika, taa zikafifia, kisha kitu kikaachia.

Upime pia volti, na upime wakati kazi inafanyika. Watu wengi huchomoa plagi ya mota, huweka mita, huona volti 12 na ushei, kisha husema waya ni nzima. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili utaonyesha volti kamili. Acha plagi ikiwa imechomekwa, chokonoa ncha za mita kwa nyuma yake, mwambie mtu abonyeze swichi, kisha usome. Ukipata volti 11 na zaidi huku injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa nzima, njia ya umeme ni nzuri. Ukipata volti 8 au 9, kuna mahali umeme unapotea, na mahali penyewe mara nyingi ni ndani ya swichi au kwenye kiungio cha waya hasi.

Zingatia na mwelekeo. Swichi ya aina hii hugeuza njia ya umeme ili mota izunguke upande huu au ule. Mota ikiwa dhaifu pande zote mbili kwa kiasi kimoja, shuku kile kinachotumika na pande zote, yaani fyuzi, waya mkuu na waya hasi. Ikiwa dhaifu upande mmoja tu, shuku viguso vya swichi vya upande huo, au reli. Swichi inaweza kufunguliwa kwa subira na viguso vyake vikasafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Msasa utumike pale tu ambapo dawa imeshindwa, tena ule laini kabisa.

Neno la tahadhari kuhusu klachi. Kuna mafundi ambao, wakiona mota inazunguka na bamba halitembei, hukimbilia kuikaza klachi ya mota. Klachi ile imewekwa iteleze kwa makusudi: inalinda kebo, inalinda mota, na inalinda vidole vya mtoto aliyechungulia nje. Ukiikaza ili kuishinda reli chafu, utashinda mara moja, na mara ya pili utanunua kebo.

Kipara Ngoto (Tanga)

Nawasoma nyote kwa heshima, ila nami niseme langu. Gari lina umri wa miaka zaidi ya 30, barabara zetu zina vumbi, jua letu halihitaji tundu la kuliingiza ndani ya gari. Mimi yangu niliifunga, nikapaka silikoni pembeni kote, nikasahau. Yanini kuhangaika?

Mjukuu wa Fundi (Munich)

Shikamoo Mzee wa Spana, na wengine habari zenu. Ninafanya kazi kwenye karakana ya magari ya zamani huku Munich, na nimefungua sanrufu za E30 nyingi kiasi cha kuota kuzihusu.

Ndugu Kipara, nakuelewa, lakini hiyo silikoni naomba asiiige mtu. Sanrufu ya E30 haikuundwa izuie maji yote kwa mpira wake. Maji kidogo huruhusiwa kupita pembeni mwa bamba, hudondokea kwenye mfereji unaoizunguka sanrufu yote, kisha hutoka kwa mirija minne, mmoja kila kona: ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma hushuka nyuma ya gari. Ukipaka silikoni utaziba maji mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili silikoni hupasuka kwa jua mahali pamoja padogo usipopaona, maji huingia, na safari hii hayapati hewa ya kukauka. Bamba na ukingo wa paa huliwa na kutu kutokea ndani, na ukija kuiona rangi imevimba, kazi iliyobaki ni ya gesi na mabati. Anayetaka kuachana na sanrufu aifunge vizuri, achomoe plagi ya mota, lakini mifereji aendelee kuisafisha.

Sasa nirudi kwa MwanaNjiro. Yale matone kwenye taa ya ndani yanahusiana sana. Mirija ya mbele ikiziba, mfereji hujaa, na maji huchuruzika kwenye tundu la mota, kwa sababu mota ndiyo iliyo mbele na chini. Kwa hiyo ukitoa mota itazame kama ina ukungu wa kijani kwenye plagi yake.

Kuhusu ukwamaji wenyewe, kwa kawaida nakuta mambo matatu, na mara nyingi yote kwa pamoja. Grisi ya kiwandani imekauka na kuwa kama nta ya viatu, kisha vumbi limeganda juu yake hadi reli ina tabaka linaloweza kukwanguliwa kwa ukucha. Viatu vya plastiki vinavyoteleza ndani ya reli vimelika au vimevunjika ncha, kwa hiyo chuma kinakwaruza alumini. Tena kuna dari ya ndani, lile bamba jepesi lililovikwa kitambaa chini ya bamba la chuma, ambalo hulegea vibanio vyake na kukwama kwenye njia yake lenyewe, watu wakidhani ni sanrufu. Hili la tatu likaguliwe kwanza kwa kuwa ni rahisi: ukiitingisha dari ya ndani kwa mkono nayo inacheza upande mmoja, umepata mshukiwa.

Ili kufika kwenye reli lazima bamba la chuma litoke. Fungua sanrufu kidogo, achia vibanio vya ukingo wa mbele wa dari ya ndani, kisha isukume dari hiyo nyuma ndani ya paa. Funga tena bamba la chuma, nawe sasa utaziona skrubu za nyota zinazolishikilia kulia na kushoto. Kabla ya kuzilegeza chora mstari kuzunguka kila moja, kwa maana matundu yake ni marefu ili kurekebisha kimo, na ukiupoteza mstari utajirekebishia siku nzima. Bamba hunyanyuliwa kwenda juu, nje ya gari. Liwe na watu wawili, na blanketi juu ya paa. Mtu mmoja akijaribu peke yake hukwaruza rangi, nami naandika haya kwa aibu.

Reli zisafishwe kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo au kisafisha breki kilichonyunyiziwa kwenye kitambaa, kamwe kisipuliziwe moja kwa moja, kwani kitashukia kwenye kitambaa cha dari na kuacha doa la daima. Usitumie dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu kama kilainishi. Hulainisha kwa wiki mbili, hukauka, kisha hushika vumbi kuliko grisi uliyoitoa. Paka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo, utando tu, kwenye reli na kwenye kebo. Mpira wa pembeni haupakwi grisi; huo upewe silikoni ya kulainisha mpira, ambayo, Ndugu Kipara, si ile ya kuzibia.

Mzee wa Spana (Nairobi)

Marahaba kijana. Umenena.

MwanaNjiro (Arusha)

Wakuu, nimerudi na taarifa baada ya Jumamosi mbili za kazi, ya pili ikiwa na mvua.

Nilianza na volti kama alivyoelekeza Umeme wa Magari. Injini ikiwa imezimwa nilisoma 12.5 kwenye betri, na mota ikihangaika nilisoma 10.1 kwenye plagi yake. Nikafungua swichi, nikakuta viguso vimekuwa vyeusi kama masizi ya jikoni. Baada ya kuvisafisha nilisoma 11.4. Sanrufu ikaongeza mwendo, ikafika nusu badala ya theluthi, kisha ikakwama kwa ukaidi ule ule.

Ndipo nikatoa mota. Upande wa kulia bamba lilisogea kwa kidole kimoja. Upande wa kushoto sikuweza kulisogeza hata kwa mikono miwili bila kuhisi kwamba nitavunja kitu. Mota yenyewe, nilipoiunganisha ikiwa mkononi, ilizunguka kwa sauti nyororo pande zote mbili, na nilipojaribu kuishika gia kwa kitambaa kinene klachi iliteleza kwa ukinzani wa kutosha. Maiti yuko hai.

Nilipotoa bamba, kwa msaada wa jirani na blanketi, nilikuta kwenye reli ya kushoto kitu ambacho siwezi kukiita grisi. Kilikuwa udongo mwekundu uliokandwa. Kiatu cha nyuma cha upande huo kimevunjika na kipande chake kimejikunja ndani ya reli kama kabari. Kebo ya kushoto ina meno yaliyong'aa na kulika kwa urefu wa kama sentimita mbili mahali panapokutana na gia, ingawa sehemu nyingine zote ni nzima. Mirija ya mbele yote miwili imeziba. Nilimimina kikombe cha maji kwenye kona ya kushoto na maji yakakaa yakinitazama.

Nina maswali mawili. Je, kebo iliyolika sehemu ndogo namna hiyo inaweza kuendelea kutumika? Na nitazilinganishaje pande mbili nikirudisha mota, kwa kuwa alama zangu nilizichora bamba likiwa tayari limekaa mshazari?

Mvuvi wa Kilindini (Mombasa)

Kuhusu mirija, mimi hutumia mshipi mnene wa kuvulia samaki, ule wa nailoni wa milimita mbili hivi. Ncha yake niichome kwa kiberiti ili iwe kidonge laini kisichotoboa, kisha niusukume taratibu huku nikiuzungusha kwa vidole. Waya wa breki ya baiskeli pia hufaa, ila ncha yake ina makucha. Usikubali mtu apulize kwa kompresa ya karakana: mrija wa zamani huchomoka kwenye kiungio chake ndani ya nguzo, ukawa unamwaga maji juu ya zulia kila mvua inaponyesha, nawe huwezi kuurudisha bila kubomoa nusu ya gari. Hapa kwetu pwani chumvi huongeza balaa, kwa hiyo nami humimina maji safi mwanzo wa kila msimu wa mvua na kutazama chini ya gari kama yanatoka kona zote nne. Ni kazi ya dakika tano.

Mjukuu wa Fundi (Munich)

MwanaNjiro, umefanya kazi safi. Nianze na kebo. Sentimita mbili hizo ndizo zinazopita kwenye gia pale mzigo unapokuwa mkubwa, kwa hiyo kulika kwake kunaeleza tra-tra-tra yako na kunaeleza mshazari: gia iliruka jino upande wa kushoto huku kulia ikiendelea. Ikiwa meno yamepungua kimo tu lakini bado yana kingo, kebo itafanya kazi baada ya reli kuwa nyepesi, kwa kuwa mzigo utakuwa umeshuka sana. Ikiwa yamekuwa laini kama mtondoo, ibadilishe. Hakikisha vilevile kwamba skrubu zinazoshikilia mota zimekazwa sawasawa, maana mota iliyolegea huachana na kebo na kuruka meno hata yakiwa mapya.

Vipuri vitafute pia Afrika Kusini. Kule E30 ziliunganishwa kwenye kiwanda cha BMW cha Rosslyn, karibu na Pretoria, na gari lilipendwa hata likapewa jina la Gusheshe, kwa hiyo za kubomolewa zipo. Ukiletewa reli na kebo zake kutoka gari moja, afadhali kuliko kukusanya kipande hapa na kipande pale. Viatu vya plastiki vinunuliwe vipya, na vya pande zote mbili, hata kama cha kulia kinaonekana kizima. Kina umri ule ule.

Kuhusu kulinganisha, zisahau alama zako za kalamu. Mota ikiwa nje, zisogeze pande zote mbili hadi mikono ya kunyanyulia ya nyuma iwe mahali pa kufunga kabisa, yaani imelala wala haijaanza kuinuka. Pima kwa rula kutoka ukingo wa nyuma wa tundu la paa hadi kwenye mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo viwe sawa, na usiridhike na tofauti ya milimita mbili, kwa kuwa jino moja la kebo ni dogo kuliko unavyodhani. Mota nayo iwe imezungushwa hadi mahali pake pa kufunga kabla hujairudisha, la sivyo swichi zake za ndani za kuisimamisha zitaisimamisha bamba likiwa limefika kusikofaa. Ukiisukuma gia iingie kati ya kebo, isiilazimishe kebo yoyote kusogea. Ikisogea, toa, anza tena. Kisha fungua na kufunga kwa kuizungusha mota kwa mkono safari moja nzima kabla ya kuunganisha betri. Ukiona uzito mahali fulani, utausikia mkononi ukiwa bado na nafasi ya kusimama, ilhali umeme hauna subira hiyo.

Umeme wa Magari (Dar es Salaam)

Kutoka 10.1 hadi 11.4 ni hatua nzuri, lakini bado unapoteza zaidi ya volti moja. Reli ikiwa nyepesi mota itavuta umeme kidogo na upotevu huo utapungua wenyewe, kwa hiyo usianze kukata waya sasa. Pima upya mwisho wa kazi. Kama umeona ukungu wa kijani kwenye plagi, usafishe siku hiyo hiyo, usiuachie masika mengine.

MwanaNjiro (Arusha)

Nimechelewa kujibu kwa sababu viatu vilichukua wiki tano kufika. Nimeweka vipya pande zote. Kebo ya kushoto nimeibakiza baada ya kuichunguza kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa kingo za meno bado zipo, ingawa nimekwisha kumwagiza mtu wa Johannesburg aniangalizie jozi. Mirija imefunguka kwa mshipi wa Mvuvi; kwenye mmoja lilitoka bonge la tope lenye mabawa ya nyuki ndani yake.

Kulinganisha kulinishinda mara tatu. Mara ya nne nilimwita binti yangu wa darasa la saba ashike rula huku mimi nikiisukuma gia, na yeye ndiye aliyegundua kwamba kila nilipokaza skrubu ya kwanza mota ilikuwa ikizungusha kebo ya kulia kidogo. Tukakaza skrubu zote kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na vipimo vikabaki sawa.

Sanrufu sasa inafunguka hadi mwisho na kufunga bila kusita, na volti kwenye plagi wakati wa kazi ni 11.9. Limebaki jambo moja: nikizidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa nasikia mluzi wa upepo ambao zamani haukuwapo.

Mzee wa Spana (Nairobi)

Huo ni wa kimo tu. Bamba halipaswi kulingana na paa kwa usawa kamili. Ukingo wa mbele uwe chini ya paa kwa kiasi kisichozidi milimita moja, na ukingo wa nyuma uwe juu yake kwa kiasi hicho hicho, ili upepo uteleze bila kukuta ngazi ya kupiga mluzi. Legeza skrubu za mbele za upande mmoja bila kuzitoa, bonyeza bamba kwa kiganja, kaza, kisha pitisha kadi ya benki kutoka kwenye paa kwenda kwenye bamba: mbele iteremke kidogo, nyuma ijikwae kidogo. Fanya na upande wa pili. Baada ya hapo mimina ndoo ya maji juu ya paa ukiwa umekaa ndani, na mkeo awe ndiye anayemimina, maana nadhani amelisubiri jambo hilo kwa muda.

MwanaNjiro (Arusha)

Amemimina ndoo mbili. Ndani ni pakavu, mluzi umekwisha, na maji yalitoka kona zote nne, ya nyuma kushoto yakichelewa kidogo kuliko mengine. Hiyo nitaipitishia mshipi Jumamosi.